Kaskazini ni Nyuma ya Friji

Dira ya plastiki, ya paundi moja sokoni Redruth,
ilimwambia Lowenna jambo asilolitaka:
kaskazini ni nyuma ya friji.
Akaitikisa. Akaenda nayo hadi dirishani.
Sindano ikatetema kama mtu anayetafuta neno,
kisha ikarudi kulekule.

Basi akaisukuma friji, bega na goti,
hadi ukuta wa pili.
Ilipotoka palibaki vumbi, kizibo,
pini ya nywele ya mpangaji aliyetangulia,
na njegere moja, kavu kama jino.
Ameambiwa patakatifu hutakaswa kwa ufagio.
Habari ya njegere hakuambiwa.
Akaifagia hivyohivyo, kwa heshima.

Dini yake inaitwa Wika.
Ndiyo, kama jogoo awikavyo.
Ila yeye hajawahi kuwika:
pale dukani anapouza mikate
wote wanajua Ijumaa usiku hufua nguo.

Madhabahu ni meza ya cherehani ya marehemu mama,
Mmethodisti wa benchi la mbele,
wa sauti ya kwanza na peremende katikati ya mahubiri.
Ubao una alama ya pasi,
ya siku ile simu ilipolia na hakuna aliyekumbuka pasi tena.
Lowenna hakuitandikia kitambaa.
Hapo hasa ndipo mshumaa utakaa.

Jiwe la ardhi alilitoa kwenye kifusi cha mgodi wa bati,
zito, lenye kutu;
huenda babu wa babu yake alilitupa huku akilitukana.
Hewa ni unyoya wa shakwe, mwizi wa chipsi.
Maji yamo katika kikombe cha yai,
na chumvi yake ni ya mezani tu.
Uko moto.
Moto una kifungu cha kumi na moja cha mkataba:
mpangaji asiwashe chochote chenye mwali.
Akapanda kiti, akakivika king'ora cha moshi
kofia ya kuogea yenye mawaridi,
akashuka, akaomba radhi
kwa Mama wa Mwezi, kwa Bwana wa Pembe, kwa mwenye nyumba,
kwa utaratibu huo.

Kisu cha mpini mweusi hana.
Ana mkasi wa mama wa vitambaa,
ule ambao ukikutwa umekatia karatasi
nyumba nzima hailali.
Akaunyoosha, akaanza duara toka mashariki:
likapita dirisha, likapita friji inayonung'unika ugenini,
likazunguka mgongo wa kochi,
likagonga ukuta.

Futi tisa ni futi tisa. Chumba hakikujua.

Kuta zina masikio, husema watu;
ukuta huu una kikohozi.
Ni Denzil Curnow, wa upande wa pili,
mjane tangu majira ya baridi ya juzi,
anayekohoa mara tatu, anasubiri, kisha mara moja.
Lowenna alisimama, ncha ya mkasi
ikigusa ua la karatasi ya ukutani.
Angeweza kuipunguza kamba.
Hata alianza kuikunja.

Akaiachia.
Akafumba macho, akapita na mkasi moyoni:
ukutani, kwenye kiti cha Denzil,
kwenye sinia lake la chakula cha mtu mmoja,
nyuma ya viatu vya mke ambavyo pengine bado vipo,
akatokea huku tena, karibu na bomba.
Akamfungia ndani na yeye. Bila kumuuliza.
Kisha akakwangua kiberiti,
na alama ya pasi ikang'aa chini ya mwali
kama kitu kilichowekwa pale kwa makusudi.

Jumamosi walikutana ngazini.
"Jana nimelala," akasema Denzil, karibu kwa kulalamika.
"Sijalala hivyo tangu… Friji yako imekufa?"

Koo likamwasha Lowenna,
kama jogoo kabla ya saa yake.
"Nimeihamisha," akasema.
"Sasa inakaa kusini."